Kukagua ekskaveta ya mtumba Dodoma: anza chini, tena injini ikiwa ya baridi

Dalali akikupigia simu kwamba kuna ekskaveta ya tani 20 imeegeshwa Nzuguni, "imefanya kazi saa chache, haina shida, mwenyewe anasafiri", mjibu kwa upole tu: injini isiwashwe mpaka nifike. Ukifika, kabla hata salamu hazijaisha, weka kiganja karibu na bomba la moshi na kwenye bloku ya injini. Zikiwa na moto, mashine imeshapashwa ili isikuumbue mbele ya muuzaji. Agiza chai, kaa kivulini saa tatu nne, au rudi kesho alfajiri. Injini iliyochoka hujificha ikiwa ya moto: oili imekuwa nyepesi, pete za pistoni zimetanuka, nozeli za dizeli zinazovuja zimeshajisafisha. Ya baridi haina pa kujificha.

Mwongozo huu ni wa ekskaveta, au kijiko kama wengi wanavyokiita, za tani 20 hadi 22: Caterpillar 320, Komatsu PC200, Hitachi ZX200 na wenzao. Ndizo nyingi zaidi sokoni, kuanzia zinazochimba misingi Mji wa Serikali kule Mtumba hadi zilizokata milima kwenye barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3. (Ndiyo, kununua mashine ya mtumba Mtumba ni mzaha ambao kila dalali wa Dodoma ameshautumia. Cheka kidogo, kisha endelea na ukaguzi.) Vipimo vilivyomo humu ni vya daraja hilo. Mashine ya tani 30 ina namba zake, ingawa njia ya kukagua ni ileile.

Tenga saa nne. Beba futi ya chuma, mtaimbo, nyundo ndogo, tochi kali, sumaku yenye mkono, kitambaa cheupe, chaki, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), kipimajoto cha kuelekeza kwa mwanga, spana za kufungulia plagi za oili, na chupa tatu safi za mililita 120 za kuchukulia sampuli. Ukiweza kuazima geji ya haidroli (ya kupimia shinikizo la mafuta yanayoendesha mikono ya mashine) inayosoma hadi bari 600 pamoja na viungio vyake, azima. Simu yako itakuwa saa ya kupimia sekunde. Mwombe muuzaji sehemu tambarare ya mita 30 na opereta asiye na haraka.

Chini kwanza

Watu wengi hupanda kibini, wakatazama saa mita, kile kihesabio cha saa za kazi, wakakaa kwenye kiti na kupenda. Saa mita hubadilishwa kwa nusu saa na skrubu nne. Cheni, rola (magurudumu yanayokanyaga cheni), aidla (gurudumu la mbele) na spoketi (gurudumu la meno linaloivuta cheni) hazibadilishwi kirahisi hivyo, na katika maisha ya mashine ya cheni karibu nusu ya fedha yote ya matengenezo huishia huko chini. Ndiyo maana tunaanzia huko. Ila vipimo vya chini na vya pini vinavyohitaji mashine iwashwe visubiri mpaka umalize vile vya injini ya baridi vilivyo mbele.

Ardhi ya hapa nayo ina neno lake. Milima ya Dodoma ni ya mawe ya granaiti, na granaiti ikioza huacha mchanga wenye chembe za kwatzi, ngumu kuliko chuma cha kawaida. Mchanga ule ukiingia kati ya kiungo cha cheni na rola hufanya kazi ya msasa mchana kutwa. Upande wa pili kuna udongo mweusi wa mbuga, wa Bahi kwa mfano. Wakati wa masika huganda kwenye rola na meno ya spoketi, na jua la Juni likiupata hukauka kama tofali la kuchoma. Rola iliyobanwa na tofali hilo haizunguki. Cheni huteleza juu yake na kuisaga upande mmoja. Waingereza walilipia somo hili Kongwa. Mwaka 1947 walileta matrekta mengi ya cheni kwa ajili ya mradi wa karanga, yakiwemo masalia ya vita yaliyonunuliwa kutoka Ufilipino. Ardhi ile, inayokuwa ngumu kama saruji mvua zikikatika na iliyojaa kwatzi, ikayatafuna, mengi yakalala yakisubiri vipuri, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Hata wao walikuwa wamenunua mtumba.

Ekskaveta iliyofanya kazi miaka mitatu kwenye mchanga wa Dodoma inaweza kuwa imechakaa chini kuliko iliyofanya kazi miaka sita kwenye udongo laini. Muulize muuzaji ilikuwa wapi, halafu usiamini jibu mpaka upime.

Anza kwa kuhesabu viatu vya cheni, vile vibati vya chuma. Weka alama ya chaki kwenye kimoja, opereta atembeze mashine polepole, hesabu mpaka alama irudi. Kwenye PC200-8 ya kawaida ni 45 kila upande, na kwenye ile ndefu, LC, ni 49. Caterpillar 320D nayo ni 45, na 49 kwa ile yenye herufi L. Ukipata 44 au 48, kuna mtu amekata kiungo kimoja. Hukatwa cheni ikirefuka mpaka kirekebishi, silinda ya grisi inayoikaza, kisipoweza tena kuivuta. Hesabu pande zote mbili, kwa sababu wajanja hukata upande usioelekea barabara.

Kisha pima urefu wa viungo. Kiungo kipya, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata, ni milimita 190 na ushee. Usipime kimoja, pima vinne kwa pamoja. Kwanza ivute cheni: ingiza gogo gumu kati ya meno ya spoketi na cheni, opereta arudishe nyuma kidogo mpaka cheni ya juu ikaze, kisha azime injini. Weka ncha ya futi kwenye ukingo wa kushoto wa pini ya kwanza, soma kwenye ukingo wa kushoto wa pini ya tano. Ikwepe pini kuu, ile ya kufungulia cheni, kwani yenyewe husoma tofauti. Vinne vipya vinatoa karibu milimita 760. Vikifika 772, pini na bushi (bomba dogo linalovaa pini) zimekwisha. Kati ya hapo piga hesabu ya mtaani: kila milimita moja iliyoongezeka ni karibu asilimia nane ya maisha yaliyoliwa. 766 ni nusu.

Usidanganywe na cheni iliyokazwa vizuri. Kukaza ni suala la grisi tu. Muuzaji anaweza kusukuma grisi kwenye kirekebishi asubuhi yake na cheni iliyolegea ikaonekana changa. Angalia aidla ya mbele imesukumwa umbali gani kutoka kwenye fremu. Ikiwa imefika mwisho wa njia yake, cheni imerefuka, hata kama imenyooka kama uzi. Wala usifungue nipeli ya kirekebishi ili "kuhakiki". Grisi iliyomo ina shinikizo kubwa mno, na nipeli ikiruka inaweza kuua. Anayelegeza cheni hasimami mbele ya nipeli, hazungushi vali zaidi ya mzunguko mmoja, na hutumia spana, kamwe si mkono.

Meno ya spoketi ya mashine nzima yana kichwa kipana na mviringo. Yakichongoka kama jino la mamba, spoketi imekwisha, na kama cheni nayo imekwisha utanunua vyote kwa pamoja, maana cheni mpya juu ya spoketi ya zamani huliwa haraka kuliko ilivyostahili. Ubavu wa kiatu cha cheni pia una habari zake: ile mikingamo mitatu, matuta ya chuma yanayong'ata ardhi, huwa na kimo cha milimita 26 hivi ikiwa mipya. Ikibaki 16, cheni itateleza kwenye mteremko na viatu vitaanza kukunjika.

Rola za chini ni 7 hadi 9 kila upande, za juu ni 2. Inua upande mmoja wa mashine: geuza bumu (mkono mkubwa) pembeni, gandamiza baketi chini mpaka cheni ya upande huo ielee. Usiingie chini yake. Opereta azungushe cheni, nawe ukisimama mbali angalia rola ipi haizunguki. Mashine ikishatua na kuzimwa, lenga kipimajoto kila rola. Iliyo na joto zaidi ya wenzake kwa digrii 20 au 30 imeishiwa oili ndani. Rola yenye alama nyevunyevu iliyoganda vumbi ubavuni inavuja sili (kizuizi cha oili). Rola moja mbaya si kosa la kukataa mashine, ila zikiwa nne zote zimevuja, muuzaji anauza chuma chakavu chenye kibini.

Fainali draivu, yaani gia za kwenye spoketi, zina plagi. Sogeza mashine mpaka plagi moja iwe chini kabisa, subiri dakika kumi, ilegeze kidogo na udondoshee mililita chache kwenye kitambaa cheupe. Oili nyeusi haitishi. Oili yenye vumbi la chuma linalong'aa, au vipande unavyovihisi kwa kidole, inakwambia gia zinajitafuna. Ya kijivu kama uji imeingiwa na maji au tope kupitia sili kubwa za chuma. Chomeka sumaku, ikitoka na ndevu, hesabu gharama ya kufungua.

Pini, bushi na beringi kubwa

Weka baketi hewani kimo cha sentimita 30. Mtu mmoja aisukume kushoto na kulia kwa mtaimbo, wewe utazame maungio. Pini na bushi mpya zina mwanya wa sehemu ya kumi ya milimita. Ukiona mwanya wa milimita moja, bushi zinakaribia kubadilishwa. Ukiona mbili au zaidi na tundu lenyewe limekuwa la yai, bushi mpya haitasaidia mpaka tundu lijazwe kwa kulehemu na kuchongwa upya kwa mashine maalumu inayofungwa palepale kwenye bumu. Mafundi wa kazi hiyo wapo, lakini huja kwa miadi na bei yao si ya kubahatisha.

Bushi nyingi hapa hufa kwa njaa. Opereta anaambiwa apige grisi kila saa kumi, naye anapiga Jumatatu tu. Tazama nipeli: zilizozibwa na tope kavu hazijaona grisi muda mrefu. Zilizosafishwa na kujazwa grisi mpya ya rangi kali, huku ndani ya bushi kukiwa na kutu, zimepakwa jana kwa ajili yako.

Beringi kubwa ya kuzungukia, ile inayobeba kibini na injini juu ya cheni, ndiyo sehemu inayotisha zaidi kwa bei na kwa kazi, maana kuibadilisha ni kuinua nusu ya mashine. Ipime hivi. Nyoosha bumu na stiki (mkono mdogo unaoshika baketi) mbele, baketi ibaki juu ya ardhi kidogo. Pima mwanya kati ya ukingo wa beringi na fremu ya chini, upande wa mbele, kwa fila geji. Halafu simamisha stiki wima, gandamiza baketi mpaka pua ya cheni inyanyuke, pima tena palepale. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mchezo, yaani ulegevu wa beringi. Kwenye PC200 iliyo nzima ni kati ya milimita 0.5 na 1.6, na ukomo ni 3.2. Kama una dayo geji (saa ya kupimia mwanya) yenye sumaku, kazi ni rahisi na ya uhakika zaidi. Ikipita 3, achana nayo hata kama injini inaimba kwaya.

Ukiwa hapo, fungua kifuniko kidogo cha bafu la grisi, karibu na mguu wa bumu, uangalie grisi inayolainisha meno ya pinioni, gia ndogo inayozungusha kibini. Iliyochanganyika na maji huwa nyeupe kama maziwa ya mgando. Toa kidogo, paka kwenye karatasi, pitisha sumaku.

Nyufa husahaulika. Piga tochi kwa ubavu, siyo moja kwa moja, kwenye mguu wa bumu, masikio ya silinda, mgongo wa stiki, na pembe za fremu ya chini zinapokutana na fremu za cheni. Sehemu iliyopakwa rangi mpya peke yake kwenye bumu lililofifia ndiyo ya kuigonga kwa nyundo. Mshono wa kiwandani ni wa mawimbi yaliyolingana. Wa fundi wa barabarani una vidonge na mashimo. Bati lililoongezwa juu ya ufa wa bumu linaweza kuvumilika. Ufa kwenye fremu ya chini, karibu na beringi kubwa, hauvumiliki.

Injini, ikiwa bado ya baridi

Vuta kijiti cha oili kabla ya kuwasha. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Fungua kifuniko cha rejeta, kwa kuwa ni ya baridi hutaungua. Maji yawe ya rangi, kijani au mekundu, yanayoonyesha kuna dawa. Ukikuta maji meupe tupu au ya kutu, tia tochi ndani utazame mirija. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi na magumu, na opereta aliyeko porini hujaza kilicho karibu. Chumvi huganda kama kwenye birika la chai, mirija inaziba, na injini inaanza kupanda joto saa nane mchana, wakati wewe umeshalipa. Baadaye mashine ikiwa ya moto, pitisha kipimajoto kwenye uso wa rejeta kutoka juu hadi chini: mabaka ya baridi katikati ya moto ni mirija iliyoziba.

Sasa fanya kipimo ambacho kwa ardhi yetu tungekifanya hata kama muda umebaki dakika tano tu. Fungua nyumba ya filta ya hewa. Kuna filta mbili, ya nje na ya ndani. Zitoe zote, ingiza kidole kilichovikwa kitambaa cheupe kwenye bomba linalokwenda kwenye tabo (feni inayosukumia injini hewa), baada ya filta. Kitambaa kikitoka kisafi, vema. Kikitoka na vumbi jekundu, injini imekuwa ikila mchanga wa kwatzi, na pete zake zimesagwa. Vumbi hupita kwa sababu filta ya ndani ilitupwa "hewa ipite vizuri", au ya nje ilipulizwa kwa kompresa mpaka karatasi ikatoboka, au mpira wa bomba umepasuka na kufungwa kwa raba. Usinunue injini hiyo kwa bei ya injini.

Washa. Iwake ndani ya sekunde chache bila kusaidiwa na dawa ya kupuliza. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya Julai, baridi ikiwa imeuma, unaruhusiwa kwa dakika moja mbili. Ukiendelea, na una harufu ya dizeli mbichi, ni nozeli mbovu au kompresheni iliyoshuka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi chini ya mzigo ni hewa pungufu au dizeli iliyozidi. Kumbuka pia kwamba mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo injini ya zamani isiyo na tabo hutoa weusi kidogo zaidi kuliko ilipojaribiwa Dar es Salaam.

Ikishashika mwendo, legeza kifuniko cha kujazia oili, kigeuze juu chini, kiache kikae juu ya tundu lake. Kikicheza cheza palepale ni kawaida. Kikirushwa, au ukiona moshi unasukumwa kama chungu kinachochemka, gesi inapita kwenye pete. Kwa upande wa dizeli, wenye injini ya pampu ya kawaida, mfano PC200-7, wana nafuu: mafundi wengi wanaijua. PC200-8 na 320D zina mfumo wa dizeli wa shinikizo kubwa usiosamehe dizeli yenye maji. Angalia kikombe cha kutenganisha maji. Kikiwa na tope la hudhurungi, nozeli zimeshakunywa.

Kwenye PC200-8, kibini kinaweza kukupa ushahidi ambao dalali hakuufuta. Skrini ikiwa kwenye sura ya kawaida, shikilia kitufe namba 4 huku ukibonyeza 1, 2, 3 kwa mpangilio. Utaingia kwenye menyu ya fundi yenye orodha ya hitilafu zilizowahi kutokea na saa zilipotokea. Hitilafu iliyoandikwa kwenye saa 9,800 wakati saa mita inasema 4,200 inajieleza yenyewe. Kwa mashine zisizo na skrini ya namna hiyo, soma mpira wa pedali, ukingo wa ngazi na vishikio vya levya. Kwa saa 4,000 mpira hung'aa tu. Kwa 10,000 chuma kinachungulia.

Haidroli kwa saa ya mkononi

Pasha mafuta ya haidroli mpaka nyuzi 45 hadi 55. Dakika 20 za kuchimba chimba zinatosha. Chagua hali ya nguvu kamili, mwendo wa injini juu kabisa. Kila kipimo kifanye mara tatu.

Zungusha mashine, ikishachanganya hesabu mizunguko mitano. Kasi ya daraja hili ni kama mizunguko 12 kwa dakika, kwa hiyo mitano ichukue sekunde 23 hadi 27. Bumu lipande kutoka chini hadi juu kwa sekunde tatu na kitu. Tembea mita 20 kwa kasi ya juu baada ya kuchanganya mwendo: karibu sekunde 13. Kwa kasi ya chini, karibu 24. Vipimo vyote vikiwa vizito kwa robo au zaidi, pampu imechoka au injini haina nguvu. Kimoja tu kikiwa kizito, tafuta kwenye mota, silinda au vali yake.

Katika zile mita 20 chora mstari kwa chaki au kamba, opereta asukume levya zote mbili mpaka mwisho. Mashine nzima haipotoki zaidi ya milimita 150 hadi 200. Ikivuta upande mmoja, kuna kipimo cha zamani kisichohitaji kompyuta: zima injini, toa shinikizo kwenye tangi, badilishana mipira ya mafuta ya pampu mbili, rudia. Tatizo likihamia upande wa pili, ni pampu. Likibaki palepale, ni vali, mota ya kutembelea au fainali draivu. Fundi msafi ndiye wa kuifanya kazi hii, maana punje ya mchanga ikiingia kwenye mpira itaua kilichokuwa kizima.

Nyoosha bumu na stiki mbele, baketi ikiwa mita moja juu ya ardhi, zima injini, weka alama kwenye rodi ya silinda ya bumu kwa kalamu, subiri dakika tano. Kuingia milimita chache si tatizo. Kuzidi 20 ni sili ya silinda au vali inayovuja ndani. Wakati unasubiri, pitisha ukucha kwenye rodi zote. Mkwaruzo unaonasa ukucha utakata sili mpya ndani ya wiki.

Ukiwa na geji, ifunge kwenye tundu la kupimia la pampu, opereta akunje baketi mpaka mwisho na aendelee kushikilia. Tegemea bari 345 hadi 355. Chini ya 320, uliza sababu kabla ya kuuliza bei.

Kipimo cha mwisho hapa ndicho muuzaji hupinga zaidi, nawe usikubali kukiacha: omba filta ya haidroli ya kurudishia mafuta ifunguliwe, ikatwe, na karatasi yake itandazwe juani. Lipia mpya wewe mwenyewe kama ni lazima. Chembe za manjano, za shaba, ni viatu vya pistoni za pampu au za mota vinavyoisha. Chembe za fedha zinazonasa kwenye sumaku ni chuma kutoka kwenye beringi. Vipande vyeusi laini ni mpira wa sili. Vumbi dogo la kijivu halikosekani. Ukiona mng'ao wa shaba uliotapakaa, funga begi lako, kwa sababu chembe hizo zimeshazunguka kwenye vali zote, na pampu mpya utakayofunga itazila.

Sampuli za oili zichukue injini ikiwa imetoka kufanya kazi: moja ya injini, moja ya haidroli, moja ya gia ya kuzungukia. Maabara ikirudisha majibu, silika ikiwa juu ni vumbi lililoingia, shaba ikiwa juu ni bushi au pampu, sodiamu na potasiamu ni maji ya rejeta yaliyopenya.

Karatasi

Fupi lakini usiiruke. Linganisha namba iliyogongwa kwenye fremu, namba ya bati la kiwandani, namba ya injini, na hati ya forodha, TANSAD. Kama mashine imesajiliwa, linganisha na kadi ya TRA pia. Bati lililofungwa kwa skrubu za dukani badala ya ribiti za kiwandani limewahi kukaa kwenye mashine nyingine. Uliza kwa maandishi kama mashine imewekwa rehani benki, na malipo yapite benki kwa jina lililo kwenye hati, siyo kwa jina la shemeji yake.

Kuamua

Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika vinavyonunulika dukani: cheni, rola, spoketi, pini, bushi, mipira, meno ya baketi, kiti, vioo. Kulia andika vinavyoua: injini iliyokula vumbi, shaba kwenye filta, mchezo wa beringi kubwa uliopita milimita 3, ufa wa fremu ya chini, namba zisizolingana. Ya kushoto yote pata bei zake kwa simu palepale, jumlisha, ongeza robo kwa ajili ya usafiri na ufundi, kisha kata kwenye bei ya muuzaji. Ekskaveta yenye cheni zilizokwisha na pampu imara ni mali nzuri, kwa sababu cheni mbovu humtisha kila mnunuzi na bei hushuka kuliko inavyostahili. Yenye cheni mpya na pampu inayolia ni kinyume chake, na ndiyo inayopakwa rangi. Ya kulia ikiwa na kitu hata kimoja, hakuna punguzo linalotosha.

Ukishalipa, ulizia kibali cha mzigo mpana kabla lobedi, trela la kubebea mashine, haijaondoka, na cheni zioshwe tope lote kwanza. Siku ya kwanza kwenye eneo lako badilisha oili ya injini na ya fainali draivu, filta zote za dizeli, oili na haidroli, na filta zote mbili za hewa. Safisha mfumo wa maji kwa dawa, jaza maji laini yenye dawa ya kuzuia kutu, maji ya kisima yabaki kwa ng'ombe. Baada ya saa 50 za kazi kata tena filta ya haidroli, itandaze juani, na kipande cha karatasi yake kihifadhi kwenye mfuko wa nailoni ulioandikwa tarehe na saa, ukilinganishe na kile cha siku ya ukaguzi.